Chumvi ya Katwe na Minyoo ya Kalerwe

Maabara ya Mimea ya Dawa,
Kampala.
4 Machi 1974

Mpendwa Mama Mdogo Julienne,

Ninakuandikia barua hii kukuomba dawa ya minyoo. Nimetanguliza ombi mbele ya salamu kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua za kazi, na barua hii, ingawa inatoka kwa mwanao, ni ya kazi. Sasa naomba kujua hali yako, hali ya Baba Mdogo Okullo na magoti yake, na hali ya mbuzi. Mimi ni mzima wa afya, na nyumbani kwa Baba wote ni wazima na wanawasalimu.

Huenda umeshasikia kwamba baada ya kupata shahada yangu ya kemia niliajiriwa hapa kwa muda wa majaribio. Kazi yetu ni kuchukua mimea ambayo watu wamekuwa wakijitibia, kukamua kiini chake, na kuthibitisha kama kweli kinatibu. Kazi hii imepata uzito mpya kwa sababu dawa za kutoka nje haziji kama zamani, na rafu za hospitali zina nafasi kubwa ya kuweka chochote tutakachopata. Hata hivyo, mwezi wa Julai kamati ya wizara, ambayo mwenyekiti wake ni Meja mmoja, itakaa kuamua kama kitengo chetu kiendelee. Ikiwa hatutakuwa na hata mmea mmoja uliothibitishwa, kitengo kitafungwa, nami nitapelekwa kuhesabu masanduku ya chaki katika ghala la wizara. Sikusoma miaka yote ile kwa ajili ya chaki.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Nilipokuwa nikija Bwera wakati wa likizo, siku zile nilipokuwa sijui Kinande chenu nanyi hamtaki kusikia Kiacholi changu, ikabidi sote tukutane katika Kiswahili, ulikuwa ukitunywesha watoto wote uji mwekundu mara tu tulipofika. Naomba ile dawa iliyokuwa ndani ya uji, pamoja na majani na maua ya mmea wake, ili wataalamu wa mimea wapate kuutambua kwa jina la kitaalamu. Mjomba Kasereka anaweza kuuleta mzigo atakapokuja na samaki wake.

Kwa heshima na taadhima,
Mwanao mtiifu,
Tarcisio Ochan, B.Sc.


Bwera,
20 Machi 1974

Kwako mutoto wangu Tarcisio,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako mdogo. Hapa tuko wazima wote. Magoti ya baba yako mdogo yanalia usiku, mchana yanatembea. Mbuzi wamezaa. Wewe je, unakula? Unalala vizuri? Siku hizi huko Kampala watu wanaomba kwanza ndipo wanaamkia? Okullo alinisomea barua yako kwa sauti, akafika pale mwisho pa B.Sc., akasimama wima na kupiga saluti. Tangu aache kazi ya polisi hajampigia mtu saluti, kwa hiyo furahi.

Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Aliyeisoma njiani anajua kwamba wewe unatafuta minyoo. Sijui amefikiri nini.

Dawa nimekupa. Ni matunda madogo mekundu ya ule mtambaa unaopanda juu ya miti huku mlimani, nimeyaanika mwenyewe, na majani na maua nimeyabana katikati ya gazeti kama ulivyotaka. Aliyenionyesha ni bibi yangu kule Beni. Mgonjwa hali kitu asubuhi, anakunywa dawa kwenye uji mwepesi, na jioni ya siku hiyo hiyo anakunywa mafuta ya mbarika. Mtoto kipimo kidogo, mtu mzima kikubwa. Mwenye mimba hapana kabisa.

Kasereka anasema huko mjini chumvi imekuwa ya kupanga foleni, na hata ukipanga unarudi na mikono mitupu. Basi nimekuwekea na mfuko wa chumvi ya Katwe, ile ya ziwani. Sisi hapa hatuna sukari lakini chumvi inatukuta mlangoni. Upikie. Usiwape wote, wewe una tabia ya kutoa.

Mama yako mdogo,
Julienne


Kampala,
16 Aprili 1974

Mpendwa Mama Mdogo,

Naanza kwa salamu, na ninazitoa kwa utaratibu unaostahili: kwako wewe, kwa Baba Mdogo, kwa magoti yote mawili ya Baba Mdogo, kwa mbuzi wakubwa na kwa waliozaliwa juzi. Natumaini hii inatosha kufuta deni la barua iliyopita. Mimi ni mzima na, naomba nikiri, nina furaha ambayo siwezi kuificha.

Dawa yako inaua.

Niruhusu nikueleze jinsi tulivyofanya, kwa kuwa nadhani utaona fahari. Kila alfajiri mimi huenda sokoni Kalerwe kwa mchinjaji wa nguruwe. Matumbo yakipasuliwa, minyoo hutoka ikiwa hai, mirefu kama penseli mpya, nami huitia ndani ya chupa ya chai yenye maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, ili isitambue kwamba imehama nyumba. Nikifika maabara naihamishia katika mitungi ya kioo ndani ya kabati la joto. Mtungi mmoja hauna dawa, kwa ajili ya kulinganisha. Mingine ina dawa. Kisha tunasubiri.

Ile chupa ya chai imeniletea matatizo ya kijamii. Nimepanga chumba Kibuli kwa Hajati mmoja, mwanamke mwema kupita kiasi. Wiki iliyopita alinisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, kila siku watoka na chupa tupu. Leta niitie chai ya tangawizi."

"Ahsante, Hajati. Hii ni ya kazini."

"Kwani kazini hamnywi chai?"

"Tunakunywa, Hajati, ila si kutoka humu."

Alinitazama sana, kisha akasema amefahamu, kuna msichana mahali fulani anayenijazia, na kwamba nimlete nyumbani aonekane. Nilikubali kosa hilo. Nikimweleza kilichomo, na kinakotoka, nitalala nje.

Kiini cha matunda yako ni unga mzuri wa rangi ya chungwa. Spiriti ya maabara ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mwenzangu wa maabara, binti aitwaye Concy, alinunua waragi, ile pombe kali ya kienyeji, tukaikeneka upya ibaki spiriti tupu na kuitumia kukamulia, kisha tukaikausha yote. Chumvi nayo ilikuwa ukingoni. Ile iliyobaki ya maabara ilitosha mtungi wa kulinganishia peke yake, basi maji ya mitungi yenye dawa niliyatengeneza kwa chumvi yako ya Katwe. Hivyo umelisaidia taifa mara mbili kwa mzigo mmoja.

Kufikia wakati wa chai ya saa kumi, kila mnyoo katika mitungi ya dawa ulikuwa umekauka kama uzi. Ule mtungi usio na dawa, minyoo yake ilicheza hadi kesho yake. Mkuu wa maabara alinishika mkono. Alipeleka taarifa kwa Meja siku hiyo hiyo, na Meja ameipeleka juu zaidi. Kamati itakuja Julai kutazama kwa macho yao. Nimesikia pia, ingawa si rasmi, kwamba jina langu limetajwa kwa ajili ya masomo ya ng'ambo.

Mwanao,
Tarcisio Ochan


Bwera,
4 Mei 1974

Mutoto wangu Tarcisio,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima, mvua ni nyingi, barabara imekuwa matope matupu. Unakula?

Aksanti kwa habari njema. Okullo aliichukua barua yako akaenda nayo mpaka kwa vijana wa forodha, akawasomea. Kesho yake mpaka mzima ulijua. Sasa watu wanakuja mlangoni kwangu wanaita, "Mama Daktari". Mwanamke mmoja ametoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na watoto wake wote, anasema anataka dawa ile ambayo serikali ya Kampala imeipima ikaona inaua. Nimewapa. Mimi sikuwahi kuona watu wananipangia foleni, nimezoea mimi ndiye niko kwenye foleni. Jumapili nimeketi kiti cha mbele kanisani na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Juu ya Hajati, mwambie ukweli siku utakayohama, si kabla.

Kuna neno nilisahau kukuambia. Ile chumvi, uliiosha? Ya kiangazi ina uchungu na ukali, sisi tunaimwagia maji kidogo, tunaitikisa, tunamwaga yale maji ya kwanza, ndipo tunaanika na kupikia. Ukiipika hivihivi tumbo litakusokota na utasema mama yako mdogo amekuloga. Mimi kwa haraka ya Kasereka nilikufungia ile chafu. Iliyobaki uioshe.

Watu wote wanakusalimu, na wale ambao hukuwajua pia.

Mama yako mdogo,
Julienne


Bwera,
11 Juni 1974

Tarcisio mutoto wangu,

Unaendeleaje? Sisi wazima. Nimekuandikia mwezi uliopita, sikupata jibu. Kasereka amerudi jana, anasema alikuja mpaka maabara na samaki wako, ukatoka nje, ukapokea samaki, ukasema "ahsante Mjomba" na kurudi ndani kama mtu aliyedaiwa. Anasema umekonda.

Okullo anasema labda unafunga mizigo ya Ulaya. Mimi nasema mutoto anayekwenda Ulaya hanyamazi, anapiga kelele. Nina hofu. Kama umeumwa, sema. Kama umeshikwa na neno kazini, sema nusu, nusu nyingine nitaijua. Kama ni mwanamke, sema yote.

Mama yako mdogo,
Julienne


Kampala,
21 Juni 1974

Mpendwa Mama Mdogo,

Natumaini wewe na Baba Mdogo ni wazima. Mimi si mgonjwa. Samaki walikuwa wazuri. Niwie radhi kwa ukimya wangu. Barua hii nampa Mjomba Kasereka mkononi, isifunguliwe njiani. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika barua hii na kila namna ilikuwa mbaya.

Dawa haiui. Kilichoua ni chumvi.

Niliposoma maneno yako juu ya kuiosha, niliiweka barua mezani na kwenda moja kwa moja kwenye kabati la joto. Nilitengeneza mtungi wa maji ya chumvi yako, ile isiyooshwa, bila dawa hata chembe. Minyoo ilikufa kabla ya saa kumi. Nilirudia. Ikafa tena. Kosa si lako hata kidogo, wewe uliniletea chumvi ya kupikia. Mimi ndiye niliyeweka chumvi moja katika mtungi wa kulinganishia na nyingine katika mitungi ya dawa, kisha nikashangilia tofauti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa kwa hilo.

Halafu Concy akapata kwa dada yake muuguzi chupa moja ya maji ya dripu, ambayo chumvi yake ni safi. Tukarudia kila kitu upya, mitungi yote kwa maji yale yale. Minyoo katika dawa haikufa. Ilipunguza mwendo, ikalegea, ikanyamaza. Nilipoitoa na kuitia katika maji yasiyo na dawa, baadhi yake ilianza kujikunja tena kesho yake, taratibu, kama watu wanaoamshwa mapema siku ya Jumapili.

Sasa Meja anakuja mwezi ujao kuangalia minyoo ikifa. Nilimwuliza Concy tufanye nini. Nakupa mazungumzo yetu kama yalivyokuwa.

"Tia chumvi ya Katwe," alisema.

"Concy."

"Nasema tu iliyo rahisi. Meja atainama, ataona minyoo imekufa, atafurahi, ataondoka. Wewe utakwenda Ulaya, mimi nitapata ofisi yako yenye dirisha."

"Na hospitali zikianza kuwapa watoto?"

"Basi usinitazame hivyo. Nimesema ni rahisi, sikusema tufanye."

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi. Mama Mdogo, unalijua jina letu la Kiacholi. Tangu mwaka ule wanajeshi waliposhika nchi na Baba Mdogo akaacha kazi, si jina la kujipeleka lenyewe mbele ya meza ya mwanajeshi na kusema, nilikosea. Meja ameshaipeleka habari yangu kwa wakubwa wake. Nikimwambia ukweli, namfanya aonekane mwongo. Nisipomwambia, naweka mikononi mwa wauguzi kitu ambacho hakifanyi nilichosema. Kuna pia wale wanaokuja mlangoni kwako kwa ajili ya neno langu, na kiti chako cha mbele kanisani. Hilo linaniuma kuliko masomo ya ng'ambo.

Nina swali moja, na naomba ulijibu kama shahidi, bila kunihurumia. Unapowapa watu dawa hii, minyoo hutoka imekufa au ikiwa hai?

Mwanao,
Ochan


Bwera,
30 Juni 1974

Mutoto wangu Ochan,

Aksanti kwa kuandika. Tuko wazima. Nilifikiri ni gereza, kumbe ni chumvi. Nilicheka mpaka Okullo akatoka nje kuuliza kuna nini, nikamwambia, naye akacheka mpaka magoti yakamwuma. Usikasirike. Tulikuwa tumeogopa.

Unaniuliza kama shahidi. Hutoka hai. Imelegea kama tambi zilizopikwa, lakini hai. Kuku wa hapa nyumbani wanajua kuliko sisi. Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza, uliniambia inaua nami nikasema basi huko Kampala inakufa, labda ni baridi. Wewe ndiye mwenye shahada.

Sasa nami nina jambo. Bibi yangu alikuwa akimchapa mtu aliyechelewesha mafuta ya mbarika. Si mtoto tu, mtu mzima anachapwa. Mimi miaka yote nilifikiri mafuta ni ya kusafisha tumbo, kama mtu anavyosuuza sufuria, nikawa nawaambia watu, ukikosa leo, kunywa kesho. Leo nimesoma barua yako kwamba minyoo ikitoka kwenye dawa inaamka kesho yake. Kumbe mafuta lazima yaifukuze ingali imelala. Wale niliowaambia kesho, niliwapotezea dawa bure. Yule mwanamke wa Kasindi alirudi kulalamika na mimi nikamwambia watoto wake wamekula kwa siri. Nimetuma mtu kumwita. Nitamwomba msamaha na kumpa tena, na mafuta atakunywa mbele ya macho yangu. Yule bibi yangu hakujua kueleza, mimi sikujua kuuliza, na wewe umeua minyoo kwa chumvi, lakini leo tunajua. Mwandikie hivyo huyo unayemwandikia.

Juu ya kiti cha mbele, nimesharudi kwangu nyuma. Huko mbele padri anaona ukisinzia.

Okullo anataka niandike maneno yake. Anasema alikaa na wanajeshi na polisi miaka mingi. Anasema mkubwa anaweza kumsamehe mtu aliyemletea habari mbaya, lakini hamsamehi mtu aliyemwacha achekwe baadaye. Umwambie mapema, wewe mwenyewe, kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza kile cha maabara, na ukiwa umesimama. Anasema pia usiombe msamaha mara nyingi, mara moja inatosha, ya pili wanaanza kufikiri kuna lingine.

Mimi naongeza hili. Siku utakayokwenda, tuma simu ya posta nijue, niombe rozari. Na ukitoka, tuma nyingine upesi.

Mama yako mdogo,
Julienne


Kampala,
27 Julai 1974

Mpendwa Mama Mdogo,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba Mdogo. Simu yangu ya posta yenye maneno "NIMETOKA MZIMA" natumaini ilifika. Karani alitaka nifupishe, akasema "mzima" linatosha, lakini nilijua wewe utalitafuta lile la "nimetoka". Sasa nakuandikia yaliyobaki.

Kamati ilifika Alhamisi. Nilivaa koti la baba. Meja ni mtu mrefu, mwenye sauti ya chini kuliko nilivyotarajia, na hilo lilinitisha zaidi. Alipoingia hakukaa.

"Wewe ndiyo ile kijana ya minyoo?"

"Ndiyo, afande."

"Haya. Onyesha mimi, dawa nauwa namna gani."

"Afande, kabla sijaonyesha nina jambo la kusahihisha. Mwezi wa nne nilitoa taarifa kwamba dawa hii inaua minyoo. Nilikosea, naomba radhi. Iliyoua ni chumvi."

"Chumvi gani?"

"Chumvi ya Katwe, afande. Niliyopewa na mama yangu mdogo nipikie."

Mkuu wetu wa maabara alianza kuichunguza dari. Concy alishika meza. Nadhani hakuna mtu aliyepumua isipokuwa Meja, na yeye alipumua mara moja tu, kwa pua.

"Mimi nilipeleka hiyo habari kwa wakubwa. Sasa wewe nasema nilipeleka uwongo?"

"Habari ilitoka kwangu, afande. Ulipeleka kile ulichopewa. Nimeona ni afadhali uisikie kwangu leo."

Nilikuwa nimesimama, kama Baba Mdogo alivyoagiza. Sikuomba msamaha mara ya pili, ingawa ulimi uliniwasha.

"Na hii dawa, sasa iko na kazi gani?"

"Inalaza, afande. Kisha mafuta ya mbarika yanafukuza. Kimoja bila kingine hakifai, na sababu yake tunaijua sasa."

Akainama juu ya mtungi. Tulikuwa tumeuandaa tangu jana yake. Alichukua kalamu mfukoni mwa mkuu wetu bila kuomba, akaugusa mnyoo.

"Hii imekufa."

"Imelala, afande."

"Kijana, mimi nimeona kitu yenye kufa."

Sikuwa na shaka na hilo. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba ilikuwa imehamishiwa katika maji safi yenye joto tangu jana yake, na kwamba saa yake ya kuamka ilikuwa imekaribia. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mtungi. Wanakamati wengine wakaletewa chai kavu, maana sukari haikupatikana, wakainywa wakitazama ukuta. Meja hakugusa yake. Sijui ulikuwa muda gani. Concy anasema haukuwa mrefu, lakini Concy hakuwa amevaa koti la watu. Mwishowe mnyoo mmoja ukainua ncha, ukaangusha, ukainua tena.

Meja akarudi nyuma kidogo. Kisha akasema polepole, "Hii ulipatia waragi."

"Waragi ilitumika kukamulia dawa, afande, lakini tuliikausha yote."

"Hapana. Mimi najua hii. Kila Jumatatu mimi naamka namna hii."

Ndipo alipocheka, na wengine wote wakagundua kwamba nao walikuwa wanataka kucheka tangu mwanzo. Mkuu wetu alicheka hata akamwaga chai. Nilipata kuona kwamba Meja alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, kama mtu yeyote.

Kisha akawa mkali tena. Alitaka kujua nani alitoa dawa, nikamtajia jina lako na nikasema yaliyo kweli, kwamba suala la mafuta ya jioni hiyo hiyo lilitoka kwa bibi yako, na kwamba wewe ndiye uliyeoanisha mambo mawili ambayo mimi niliyaweka mbalimbali. Akataka kujua kama watu wameshainywa hapa Kampala. Nikasema bado.

"Wewe ulikunywa?"

"Nilipokuwa mtoto, afande."

"Kwetu, mtu naleta dawa, yeye nakunywa wa kwanza, watu naona. Wewe utakunywa wa kwanza."

Nilimweleza kwamba kwa utaratibu wa kitaalamu dawa ya minyoo hupewa mtu aliyethibitishwa kuwa na minyoo, na kwamba mimi, kama mfanyakazi wa maabara ninayezingatia usafi, nisingefaa kwa jaribio hilo. Akasema, "Pima." Akaamuru wafanyakazi wote wa kitengo wapimwe, na mkuu wetu pia.

Majibu yalitoka jana. Concy ndiye aliyekuwa kwenye hadubini, na aliyasoma mbele ya wote kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mkuu wetu hana. Concy hana. Mfagiaji hana. Kwa heshima na taadhima, Mama Mdogo, nakujulisha kwamba ninayo mimi peke yangu, na kwa wingi wa kuridhisha.

Uamuzi wa kamati ni huu. Kitengo hakifungwi. Kimepewa muda hadi mwisho wa mwaka, na tutaanza na wagonjwa wachache katika wodi, chini ya uangalizi wa daktari, kwa dawa na mafuta siku moja. Masomo ya ng'ambo hayakutajwa, nami sikuuliza. Daktari anakubali kila kitu isipokuwa kipimo: anasema hawezi kukubali "kidogo" na "kikubwa", anataka kukuona wewe mwenyewe ukipima kwa mkono wako, ili apime kwa mizani yake ulichopima. Mimi ndiye wa kwanza kunywa. Meja amesema atakuja kutazama asubuhi, na amesema, namnukuu, kwamba jioni hahitaji kutazama.

Kwa hiyo nakuomba uje. Panda treni ya Kasese Ijumaa. Nauli nimempa Mjomba Kasereka pamoja na barua hii. Utalala kule Ntinda kwa Concy, ambaye ana kitanda cha pili na maswali mengi ya kukuuliza juu yangu; tafadhali usiyajibu yote. Baba Mdogo naye akiweza, aje, ila kama anaona si wakati wa kutembea upande huu, nitamwelewa. Usibebe chakula cha kunipa, kwa kuwa nitakunywa dawa asubuhi hiyo hiyo na natakiwa niwe sijala tangu usiku, na nikiona ndizi zako sitaweza kuwajibika kwa matokeo ya kitaalamu.

Nitakuwa mbele ya stesheni ya Kampala, upande wa lango kubwa, siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti, saa mbili asubuhi.

Mwanao,
Ochan